Ukumbi wa hoki wa Lewiston, na ilikuwaje Muhammad Ali akapigana humo

Marahaba dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili mbili manake limegusa kitu ninachokipenda sana, kumbi za michezo za miji midogo, na huo wa kwenu una historia ambayo miji mikubwa kibao ingeitamani. Kwa wasomaji wengine: dada anaishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, kijana wake mkubwa anamaliza sekondari na graduation inafanyika Colisée, ule ukumbi wa hoki ya barafu wa Birch Street, sasa mzee mmoja mwenyeji kamwambia Muhammad Ali alishapigana humo humo. Anauliza ni kweli au ni stori za wazee, kama ni kweli ilikuwaje pambano la ubingwa wa dunia likaangukia kwenye mji wa watu elfu 30 na kitu, na jengo moja linawezaje kuwa la barafu leo, la ngumi kesho, la mahafali keshokutwa. Halafu mwishoni kaulizia binti yake mdogo anayetaka kujifunza kuteleza.

Mzee kakwambia kweli tupu. Tarehe 25 Mei 1965 Ali alimpiga Sonny Liston humo ndani raundi ya kwanza, na ile picha maarufu ambayo Ali kasimama juu ya mtu aliyelala, mkono umekunjwa kifuani, anapiga kelele, ile iliyobandikwa kwenye gym na vinyozi kuanzia Kariakoo mpaka Goma, imepigwa hapo hapo mnapoenda kupokelea cheti. Ila ukianza na Ali hutaelewa kitu, kwasababu ule ukumbi haukujengwa kwa ajili ya ngumi. Ulijengwa na wahamiaji kwa ajili ya watoto wao.

Tuanze na mto. Androscoggin una maporomoko makubwa pale, na katikati ya karne ya 19 matajiri wa Boston wakachimba mifereji wakajenga viwanda vya nguo vinavyoendeshwa na nguvu ya maji, kile cha Bates ndo kilichovuma zaidi, majengo yake ya matofali mekundu naamini unapita karibu nayo kila siku. Viwanda vikataka watu. Mwaka 1874 reli ya Grand Trunk ikafika Lewiston, na kuanzia hapo watu wa Quebec, Kanada, wakulima maskini wanaoongea Kifaransa, wakazidi kushuka na familia nzima nzima, na wakapanga kwenye zile nyumba za ghorofa za mbao zilizobanana karibu na mto, mtaa ukaitwa Little Canada. Walikuwa Wakatoliki kwenye jimbo la Waprotestanti, na lugha yao ngeni. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kile kikundi cha wabaguzi wa Marekani, walikuwa na nguvu kubwa Maine na adui yao mkuu alikuwa ni hawa hawa, Wakatoliki wa Kifaransa, na kuna sheria ya 1919 iliyotaka shule zifundishe kwa Kiingereza tu. Yaani yale maneno ambayo mmeambiwa nyie mliotoka Afrika, kwamba mnakuja wengi mno, kwamba hamtaki kujifunza lugha, babu zao hao wenyeji wa leo waliambiwa hivyo hivyo kwenye mitaa hiyo hiyo.

Watu wa namna hiyo hujijengea vya kwao. Wakajenga kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, lile kubwa lenye minara miwili linaloonekana toka kila kona ya mji, wakawa na shule zao, gazeti lao la Kifaransa, vyama vyao vya kuweka akiba. Na wakaja na hoki. Kwa mtu wa Quebec hoki sio mchezo wa kujifunza ukubwani, mtoto anateleza kwenye bwawa lililoganda nyuma ya nyumba kabla hajajua kusoma, kwahiyo mapadri Wadominiko waliokuwa wanaongoza parokia wakaona mapema kwamba ukitaka kuwashika vijana wasipotelee mitaani, wape barafu. Shule ya sekondari ya parokia, St. Dominic, wenyeji wanaiita St. Dom's tu, ikawa moto wa kuotea mbali, imechukua ubingwa wa hoki wa jimbo mara nyingi sana na upinzani wake na Lewiston High School, hiyo ya kijana wako, bado watu wazima wanaugombania mpaka leo.

Walikuwa na ukumbi wa kwanza, St. Dominic's Arena, mtaa wa Bartlett. Ukaungua 1956. Na hapa ndo napenda sana hii stori, kwasababu parokia ya wafanyakazi wa viwandani, tena wakati viwanda vyenyewe vimeshaanza kuyumba manake kazi za nguo zilikuwa zinahamia majimbo ya kusini kwenye mishahara midogo, ingeweza kabisa kusema basi, tumemaliza. Hawakusema. Ujenzi ukaanza mwaka huo huo na 1958 ukumbi mpya ukawa tayari Birch Street, mkubwa kuliko wa mwanzo, wakauita Central Maine Youth Center. Liangalie hilo jina, hamna neno hoki humo. Walijua toka siku ya kwanza kwamba wanajenga kitu cha kutumika kwa mambo mengi.

Na walikuwa na sababu, barafu ni ghali mno. Hapa ngoja nikueleze kidogo inavyofanya kazi, manake ndo jibu la swali lako la tatu, na ndo kazi yangu, kwahiyo nivumilie.

Rinki ya hoki chukulia ni friji kubwa iliyolazwa chini. Chini kabisa kuna tabaka la kuzuia joto, juu yake zege, na ndani ya zege kumelazwa mabomba membamba, ukiyaunganisha ni kilomita na kilomita. Kwenye chumba cha mitambo kuna kompresa zinazopoza maji ya chumvi kali (chumvi inafanya yasigande), yanashushwa mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri halafu yanasukumwa kwenye yale mabomba masaa yote. Zege likishakuwa baridi vya kutosha mafundi wanaanza kunyunyizia maji, tabaka jembamba kama karatasi, linaganda, wanaongeza jingine, hawamwagi kwa pupa. Katikati wanapaka rangi nyeupe, manake barafu yenyewe haina rangi, bila hivyo ungeona zege la kijivu, wanachora ile mistari myekundu na ya bluu na nembo, kisha wanaendelea kunyunyiza mpaka ifike unene wa sentimita 2 na nusu hadi 3 hivi. Basi. Watu wengi wanadhani ni barafu nene kama ya ziwani, kumbe mchezo wote unachezwa juu ya kitu chembamba kuliko tofali la kuchoma.

Barafu ikichezewa inachubuka, ndo pale unaona lile gari linalozunguka taratibu wakati wa mapumziko, Zamboni, jina la aliyelibuni, Frank Zamboni, aliyekuwa na rinki yake California na akaitengeneza ya kwanza 1949. Lina kisu chini kinachokwangua juu, linaosha, kisha linaacha maji ya moto nyuma yake. Ndio, ya moto! Maji ya moto yanayeyusha kidogo ile ngozi ya juu, yanashikana nayo vizuri, yakiganda yanakuwa laini kama kioo, maji ya baridi yangeacha mabaka. Na rinki zinazofanya kazi mwaka mzima kuna kitu kingine watu hawakijui kabisa, chini ya lile tabaka la kuzuia joto wanaweka mfumo wa kupasha joto ardhi, kwasababu baridi ikishuka miaka na miaka udongo wenyewe unaganda, unavimba, unainua sakafu yote mpaka inapasuka.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kompresa hazizimwi usiku. Hoki ya shule na ya vijana inachezwa miezi ya baridi, mechi chache kwa wiki, mashabiki wako wachache kwasababu mji ni mdogo. Tiketi peke yake hazilipi umeme. Ndo maana ukumbi wa mji mdogo lazima uishi maisha mengine, na ufundi wake ni rahisi kuliko unavyodhani: sakafu ni bapa, paa limejengwa bila nguzo katikati (hili ndo la muhimu kuliko yote, nguzo moja tu ingeua kila kitu), zile mbao za pembeni na vioo vinafunguliwa vipande vipande. Unachagua moja kati ya mawili. Kama bado ni msimu wa hoki na shughuli ni ya siku moja, unafunika barafu kwa vipande vinene vinavyozuia joto, unapanga viti juu, watu wanakaa na makoti yao, usiku unafunua na asubuhi watoto wanateleza. Kama msimu umeisha unazima kompresa, barafu inayeyuka, unakokota maji na ile rangi, unabaki na sakafu ya zege kavu ambayo unaweza kuweka chochote, maonyesho ya biashara, mieleka, muziki, harusi hata. Au ulingo wa ngumi.

Haya, tufike 1965.

Ali alimvua Liston ubingwa Miami Februari 1964, Liston akagoma kutoka kwenye kiti chake raundi ya 7. Marudiano yakapangwa Boston Garden, Novemba 16 mwaka huo huo. Siku 3 kabla, Ali akashikwa na maumivu makali tumboni, henia, akakimbizwa hospitali usiku akapasuliwa. Pambano likasogezwa mpaka Mei 25, 1965. Na katikati hapo mambo yakachafuka sana: Ali ameshatangaza kuwa ni Mwislamu na amebadili jina, magazeti mengi yanaendelea kumwita Clay kwa makusudi, Malcolm X, mwanaharakati wa watu weusi ambaye alikuwa rafiki yake kabla hawajatengana (Malcolm alilihama kundi la Nation of Islam, Ali akabaki), akauliwa New York Februari 21, uvumi ukatapakaa kwamba kuna watu watalipiza kisasi kwa Ali, na upande wa Liston napo kuna majambazi wa mafia ambao kila mtu alijua wanamzunguka. WBA, moja ya vyama vinavyosimamia ubingwa wa ngumi duniani, nao walishamfutia Ali ubingwa wao kwasababu ya kukubali marudiano. Kwahiyo ilipofika Mei, mwendesha mashtaka wa Boston, Garrett Byrne, akaenda mahakamani kulizuia, hoja yake ni kwamba kampuni ya mapromota, Inter-Continental Promotions, haina leseni ya kuandaa ngumi Massachusetts. Mapromota wakaona wakianza kubishana mahakamani tarehe itapita.

Zimebaki chini ya wiki 3. Wanahitaji jimbo litakalokubali, ukumbi wenye paa, nafasi na taa, uliopo tayari, ambao hauna shughuli tarehe hiyo. Promota wa ngumi wa hapo Lewiston, Sam Michael, akanyoosha mkono, gavana wa Maine, John Reed, akabariki, na kwa kuwa ni Mei hoki imeshaisha, lile jengo la mapadri lilikuwa huru. Hivyo tu. Maili 140 kaskazini mwa Boston, mji wa watu kama 41,000, ukumbi wa vijana wa parokia.

Utauliza, kwanini wafanyabiashara wakubwa wale wakubali ukumbi mdogo hivyo, watauza tiketi ngapi? Hapo ndo watu wengi wanakosea kuielewa hii hadithi. Hela haikuwa mlangoni. Pambano lilirushwa kwa waya maalum kwenye kumbi za sinema Marekani nzima, watu wanalipa kiingilio wanatazama kwenye skrini, kwahiyo ukumbi wenyewe ulikuwa kama studio, kinachotakiwa ni ulingo, kamera na sheria isiyozuia. Ndo hesabu hiyo hiyo iliyokuja kufanywa Kinshasa 1974 Ali alipopigana na Foreman, uwanja ulijaa Wakongo wanaimba lakini ngumi zikaanza kama saa 10 alfajiri, kwasababu waliokuwa wanangojewa ni walipaji wa Marekani ambako ilikuwa bado usiku. Wazee wetu waliokesha na redio wanaikumbuka hiyo saa.

Linganisha na Shelby, Montana, ndo mji mdogo wa mwisho kabla ya Lewiston kuandaa ubingwa wa uzito wa juu, Julai 4, 1923, Jack Dempsey na Tommy Gibbons. Shelby hawakuwa na ukumbi. Wakajenga uwanja wa mbao wa watu 40,000 kwa ajili ya siku ile moja, waliolipa kuingia wakawa elfu 7 na kitu, na mabenki kadhaa ya eneo lile yakafilisika. Lewiston hawakujenga hata ngazi. Jengo lilikuwa limesimama tayari, limeshajilipia kwa watoto wa shule, na likaendelea kuwa lao kesho yake. Mimi nikiulizwa na watu wa halmashauri kuhusu kumbi huwa nawaambia waisome hiyo miji miwili kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Siku yenyewe mji ulijaa waandishi na polisi, watu walikuwa wanakaguliwa mlangoni kwa ule uvumi wa kisasi. Liston alikuwa amepiga kambi Poland Spring, hoteli ya kifahari ya zamani si mbali na hapo, Ali alifanyia mazoezi Chicopee kule Massachusetts. Walioingia walikuwa 2,434 tu, viti vingi vikabaki wazi, ni moja ya mapambano ya ubingwa wa uzito wa juu yaliyokuwa na watazamaji wachache kabisa ukumbini. Mwimbaji Robert Goulet akaimba wimbo wa taifa akachanganya maneno. Refa alikuwa Jersey Joe Walcott, bingwa wa zamani.

Halafu ikaisha kabla watu hawajakaa vizuri. Liston akarusha jebu ya kushoto, Ali akairudisha na kulia fupi juu yake, Liston akaenda chini. Ali badala ya kwenda kona kama sheria inavyotaka akabaki amesimama juu yake anamfokea ainuke apigane, na ndo ile picha. Walcott akahangaika kumsukuma Ali, kuhesabu hakuhesabu, mtunza saa pembeni anahesabu peke yake, Liston akanyanyuka mwishowe wakaanza tena kupigana, ndipo Nat Fleischer, mhariri wa gazeti la The Ring, akampigia kelele Walcott kwamba yule mtu ameshakaa chini zaidi ya sekunde 10, Walcott akarudi akasimamisha. Mpaka leo wapo wanaosema ngumi ile hawakuiona na Liston alijiangusha. Mimi nimeitazama filamu yake polepole mara nyingi na ngumi ipo, imefika, kichwa cha Liston kinatikisika na mguu wake wa mbele unanyanyuka. Ilikuwa na nguvu ya kumlaza mtu kama Liston? Hapo kila mtu ana lake na waliokuwa wanajua wameshakufa. Mimi naamini alipigwa kweli akaanguka, na kilichofuata ni vurugu ya refa kushindwa kuhesabu, ila kwanini alichelewa kuinuka ni kitu kingine.

Picha zipo mbili na watu huzichanganya. Ya rangi ni ya Neil Leifer, alikuwa na miaka 22 tu, alikaa upande ambao Liston aliangukia, na ukiangalia katikati ya miguu ya Ali unamwona mpigapicha mwenzake Herb Scharfman, mkubwa kwake kazini, aliyekaa upande wa pili na kubaki anaona mgongo wa Ali. Ya nyeusi na nyeupe ni ya John Rooney wa Associated Press, ilishinda tuzo ya World Press Photo upande wa michezo. Zote mbili nyuma kuna giza, na hilo giza ndo Youth Center yenyewe, paa na moshi wa sigara.

Kesho yake waandishi wakaondoka na ukumbi ukarudi kazini kwake. Kwa miaka mingi baadaye ni St. Dom's na Lewiston High, ligi za watoto, wazee wa viwandani wanaocheza usiku, matamasha. Jina likabadilika badilika, Central Maine Civic Center, halafu Colisée, jina la Kifaransa, benki ya hapo ikaweka jina lake mbele kwa muda, sasa ni Colisée tu tena. Umiliki nao ulitoka mikononi mwa kanisa, manispaa ikawa nao, baadae ukaenda kwa kampuni binafsi.

Kipindi kitamu kuliko vyote kwa mashabiki wa hoki ni 2003 hadi 2011. Timu ya Sherbrooke, Quebec, ilihamishiwa Lewiston ikaitwa Maineiacs, na kwa wakati ule ilikuwa timu pekee ya Marekani kwenye ligi kuu ya vijana ya Quebec, yaani vijana wa miaka 16 mpaka 20 wanaosubiri kuchukuliwa na NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Fikiria bibi aliyezaliwa Little Canada, ambaye utotoni aliadhibiwa shuleni kwa kuongea Kifaransa, anakaa jukwaani anasikia wachezaji wanaitana kwa lugha ya mama yake. Jaroslav Halák alidaka pale, Jonathan Bernier alidaka pale, David Perron alicheza pale, wote wakafika NHL. Mwaka 2007 chini ya kocha Clément Jodoin walichukua ubingwa wa ligi, fainali wakaifunga Val-d'Or mechi 4 mfululizo, wakaenda Vancouver kwenye Memorial Cup, kombe la mabingwa wa ligi za vijana. Lakini hesabu ikawakataa. Safari za basi mpaka ndani kabisa ya Quebec na mashariki ya Kanada, viti visivyofika 4,000, mji ambao mishahara yake ilishashuka na viwanda. 2011 ligi ikaivunja timu.

Baadaye Portland Pirates, timu ya ligi ya pili kwa ukubwa, AHL, waligombana na wenye ukumbi wao wa Portland wakahamia Colisée msimu wa 2013–14, kisha wakarudi kwao. Mwaka 2013 pia ng'ambo ya mto Auburn wakafungua ukumbi mpya wenye rinki mbili, na hilo liliuma, manake masaa ya barafu ya watoto ndo mkate wa kila siku wa ukumbi wowote wa hoki. Tangu 2019 ikaja Maine Nordiques ya ligi ya vijana ya NAHL. Na ngumi nazo zikarudi, kwa sura mpya, mapambano ya MMA (ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja) ya New England Fights yameanza kufanyika humo toka 2012.

Sasa kuhusu nyie. Wasomali walianza kuhamia Lewiston 2001, baada yao Wabantu wa Kisomali, wengi wao wamepita Dadaab na Kakuma, kambi za wakimbizi za Kenya, kwahiyo Kiswahili wanacho, na baadhi mpaka leo wanaongea Kizigua, manake mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanga karne ya 19. Halafu Wakongo na Waangola. Lile jambo la 2002, meya kuandika barua ya wazi kuwataka Wasomali wapunguze kuja, umeshalisikia bila shaka, na Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilipokuja kufanya mkutano walijitokeza watu wachache sana, wakati maelfu walikusanyika chuo cha Bates kusimama na wageni. Watoto waliokulia Dadaab ndo walioipa Lewiston High ubingwa wa soka wa jimbo 2015. Soka lakini, sio hoki, na sababu sio baridi wala rangi, ni hela. Soka inataka viatu na mpira, hoki inataka skeiti, kofia, fimbo, pedi mwili mzima, na kila saa ya barafu inalipiwa. Lile jengo lilijengwa na maskini kwa watoto wa maskini, na mimi nitaendelea kulisema hili kwa wanaosimamia hoki ya vijana mahali popote, kama mnataka majukwaa yajae tena, shusheni gharama kwa familia mpya, manake watoto wapo, wako mitaa michache tu kutoka hapo.

Kwahiyo binti yako aende, na msisubiri. Rinki nyingi, na yenu ni mojawapo ya aina hiyo, huwa zinatenga masaa ya watu wote kuteleza, mnakodi skeiti hapo hapo. Usimchukulie saizi kubwa kwamba atakua, skeiti inatakiwa ibane kifundo cha mguu, ikilegea ndo mtoto anaumia. Soksi moja nyembamba ndefu, sio mbili. Glavu hata kama hasikii baridi, kwasababu akianguka mikono ndo inatangulia. Kofia ngumu, ya baiskeli inatosha kwa kuanzia. Mwambie apige magoti kidogo, aangalie mbele sio miguuni, na akihisi anaanguka aangukie ubavu asijizuie kwa nyuma. Kama atakwambia Waafrika hawachezi hoki mtafutie video za Kenya Ice Lions, wale wamejifunzia kwenye rinki ndogo ya hoteli ya Panari, Nairobi, ambayo haifiki hata saizi ya rinki kamili ya mita 61 kwa 26, na 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la hoki la dunia.

Na siku ya graduation ukipata nafasi waulize wafanyakazi wa ukumbi wakuonyeshe ulingo ulikaa wapi, wanaulizwa sana hawatachoka, na Ali mwenyewe alirudi Lewiston kutembea 1995. Sanamu yake ya shaba, iliyosimamishwa 2025, haipo ukumbini, ipo upande wa kiwanda cha Bates, mnaweza kupita mkitoka mkapige picha na joho.